Isihaka na Hesabu ya Mvua

Kila kijiji kina mjuaji wake, na chetu cha Mazingara kimejaliwa Isihaka. Alisoma Korogwe hadi kidato cha pili, akarudi na ndevu chache na neno moja: "kitaalamu". Ukiumwa jino, atakueleza kitaalamu. Mbuzi akikataa kunyonyesha, vilevile. Debe shinda haliachi kutika, lakini hili la Isihaka linatika hata msibani.

Mwaka huu mawingu yalitanda mapema upande wa milima ya Usambara, na watu wakaanza kuwashwa mikono. Huku kwetu wapo wanaopanda mahindi kwenye vumbi, kabla mvua haijashuka, ili mbegu iwahi. Bibi shamba wetu, Janeth, akaitisha mkutano kututahadharisha.

"Mawingu yakija mapema namna hii," alisema, "miaka inayonyesha kwa miaka inayotudanganya ni moja kwa mbili."

"Yaani moja juu ya mbili!" Isihaka akadakia, keshasimama. "Nusu! Ingekuwa chini ya nusu, hata mimi nisingethubutu. Lakini nusu, kitaalamu, inatosha kupanda."

"Hapana, mzee Isihaka, jumlisha kwanza. Mmoja unanyesha, miwili hainyeshi, jumla mitatu. Nafasi yako ni moja katika tatu."

"Bibi shamba, mimi nimesoma Korogwe."

Wapo waliompigia makofi, wajinga wale.

Mbegu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Tatu: mahindi ya kienyeji aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kila mavuno Tatu huchagua yaliyo bora, akayatundika juu ya meko yapigwe moshi, wadudu wasiyaguse. Hakuna duka Handeni nzima linalouza mbegu ile.

"Baba Munira, niachie japo machache," Tatu aliomba.

"Mama Munira, usiniletee nuksi."

Akayapukuchua yote, akayapanda yote. Nilimwona akifukia huku akipiga mluzi, nikatamani kumzaba kofi.

Mawingu yakakaa siku chache, yakaenda zao. Jua likarudi kwa hasira. Mchwa wakala, kwale wakafukua, kilichobaki kikaungua ardhini. Isihaka akapita nyumba hadi nyumba akieleza kwamba hesabu ilikuwa sahihi, waliokosea ni mawingu.

Wiki kadhaa baadaye mvua ikashuka, mvua ya kweli, hadi mitaro ikafurika. Isihaka akatoka nje mikono juu, maji yakimchuruzika ndevuni.

"Si niliwaambia itanyesha?"

Majirani walikuwa mbioni kuelekea mashambani na mbegu zao, hawakuwa na muda naye. Tatu akatoka ndani, macho yamemvimba kwa kulia. Akamtia mumewe jembe mkononi.

"Haya, Baba Munira. Kapande."

Akaenda kweli. Tulimwona amesimama katikati ya shamba lililolowa vizuri, jembe begani, hana hata punje moja ya kufukia.