Mtakatifu Mwenye Mgongo

Miaka ile ya thelathini nilikuwa nikichonga vijiko na vigoda sokoni Tawa, lakini nilijitangaza kama fundi asiyeshindwa na mti wowote. Sifa hizo zilimfikia Mgiriki mzee, mwashi, aliyekuwa akijenga chumba cha sala shambani kwake karibu na Kiboko. Akaniita.

Alinisimulia kanisa kuu la kwao. Lilijengwa na mababu, akasema; watakatifu wamechorwa kutani toka chini hadi kwenye kuba, na moshi wa mishumaa wa miaka mingi umewafanya weusi. Yeye alitaka ukuta wa mbao tu, wa kutenga madhabahu, na mtakatifu mmoja.

"Utaweza?"

"Bwana, watakatifu ndio kazi yangu."

Nilikuwa sijachonga hata mmoja. Sikuomba picha pia, bingwa haombi. Nilichagua gogo zuri, nikatoa tumbo, mgongo, hata visigino. Uso niliutazama kwenye karai la maji.

Mke wangu akauliza, "Baba watoto, mbona huyu ana masikio yako?"

"Watakatifu hufanana," nikamjibu.

Nilimbeba kichwani hadi Kiboko. Mgiriki alimzunguka mara mbili.

"Fundi, ana mgongo."

"Ndiyo, Bwana! Nimemaliza pande zote."

Akafungua kitambaa, akatoa kibao alichopewa na mama yake. Mtakatifu alikuwa amechorwa bapa, uso mrefu, macho makubwa yakinitazama mimi. "Kwetu hatuchongi sanamu," alisema taratibu. "Tunachora hivi. Kwa nini hukuuliza?"

"Nilidhani najua."

Mtakatifu wangu nilirudi naye. Mke wangu alimsimamisha kwenye mtama awafukuze ndege, nao wakampenda, wakatua kichwani.

Mgiriki hakunifukuza. Aliniambia nichonge mizabibu kwenye ule ukuta. Safari hii niliuliza mzabibu ukoje, akanichorea mchangani. Hata hivyo zabibu zangu zilifanana na mbaazi.

Siku ya kwanza ya sala alitundika kibao cha mama yake katikati ya mbaazi zangu, akakibusu, akalia. Nami nikaguswa. Kwa kuwa kibao kilikuwa chake, niliinama nikabusu mbao zangu mwenyewe, kibanzi kikanichoma mdomo. Nilikuwa sijazipiga msasa.