Pale Ramani Iliposema Hakuna

Nimebeba vitunguu, mchele wa Mubuku, hata maiti, lakini sijawahi kubeba abiria msumbufu kama yule binti wa Butembo, kule Kongo. Alikuwa anasomea mimea, akanikodi mimi na pikapu yangu pale Bwera tuzunguke vilima vya Kasese tukitafuta ua. Si ua la kupamba meza. Hili halina jani hata moja. Linanyonya mizizi ya miti, halafu linachomoza ardhini, jekundu, na kulipata ni kazi kweli.

Kompyuta yake alikuwa ameilisha kila kitu: mvua, mwinuko, aina ya miti, na mahali ua lilipowahi kuonekana. Ikamchorea ramani. Penye kijani ua linaweza kuishi, penye weupe haliwezi. Ramani hiyo ndiyo ingempa shahada, na wakubwa wa wilaya nao waliingoja: vilima vya kijani viachwe na miti yake, vyeupe wagawiwe watu walime.

Penye kijani tulilipata, moja huku, jingine kule. Nikashusha pumzi, nikajua kazi imekwisha. Kumbe anataka twende na penye weupe.

"Wewe dada, si umesema mwenyewe haliko?" Njaa ilikuwa inaniuma na adhuhuri imeingia.

"Haiko, njo maana tuangalie, Hajji. Nitasema namna gani haiko, na sikufika?"

Nikaendesha kwa hasira hadi kilima kimoja cha penye weupe, juu ya Kinyamaseke. Nikaswali kando ya gari. Nilipomaliza nikamkuta amepiga magoti chini ya mti, analia kimyakimya. Mbele yake yale maua mekundu yalikuwa yametoka kwenye udongo, mengi kuliko yote tuliyoyaona.

"Tuko wawili tu hapa," nikamwambia, maana alinitia huruma. "Mimi sijaona kitu. Twende tukale."

Akafuta machozi kwa mkono wenye udongo. "Nikinyamaza, Hajji, batakata miti yote hapa, na ni miye nitakuwa nimeikata."

Akapiga picha, akaandika mahali. Mimi nimekulia kwenye biashara, na sijaona mtu akijitia hasara vile bila kulazimishwa. Nilimheshimu mtoto yule wa watu, na namheshimu hadi leo.

Ramani ikabidi ichorwe upya. Mwaka ule wenzake walivaa joho, yeye hakuvaa. Kilima hakikukatwa.