Rimu Mbili za Sitara wa Gerezani

Mmenichosha. Kila Idi mkija kula pilau yangu lazima mniulize habari za Sitara, na safari hii mmeniletea na kalamu kabisa, eti bibi andika kabla hujafa. Nani kawaambia nakufa? Kusoma nilianzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Someni hivyo hivyo. Na nikimaliza nina jambo langu nanyi, msije mkainuka mkaondoka.

Sitara binti Mrisho alikuwa akisubu sufuria Gerezani, hapo nyuma ya Kariakoo, na mwanamke mwingine wa kazi ile hakuwapo. Baba yake alichelewa kujaliwa mtoto wa kiume. Alipokuja kuzaliwa huyo Zahoro, Sitara alikuwa keshajua kupiga mvukuto, kushindilia mchanga wa kalibu na kumimina alumini iliyoyeyuka kama mwenzake anavyomimina chai. Mzee alipofariki, watu wakadhani binti atauza tanuri akae ndani. Naye alikuwa ameachika mara moja, hakutaka tena. Akawaambia, "Tanuri ndiye mume wangu. Huyu akinichoma najua nimemkosea nini."

Zahoro alilelewa na yeye. Mama yao alikufa mtoto hajaota meno, basi alikulia mgongoni kwa dada yake, pembeni ya moto. Akawa kijana mrefu, mcheshi, anayepiga mluzi akichekecha mchanga. Sitara hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alikuwa na Zahoro na jina lake la kazi.

Na jina hilo lilitokana na desturi ya nyumba yao. Sufuria haikuuzwa kabla haijaonjwa. Ikitoka mchangani ilijazwa maji, ikagongwa kwa kidole ikasikilizwa mlio, kisha ikapikiwa uji mzito, na watu wa nyumba wakaunywa wao kwanza. Kama ilikuwa na vitundu vidogo mfano wa ncha ya sindano, uji uliingia humo ukaungua, ukaziba. Kama ilikuwa na ufa wa kweli, moto wa kwanza uliutoa hadharani. Chini ya kila sufuria Sitara aliacha kinundu cha kidole gumba, kwa kubonyeza mchanga wa kalibu kabla ya kumimina. Wanawake wa Kariakoo walikuwa wakipindua sufuria matako juu kukitafuta kinundu hicho. "Imeonjwa?" "Imeonjwa." Biashara imekwisha.

Sasa miaka ile vitu vilikuwa vimeadimika mjini. Sabuni foleni, sukari foleni, mtu anaweka jiwe limshikie nafasi akachote maji. Vipuri vya gari ndiyo usiseme. Gari likivunjika, mwenyewe alitafuta fundi wa kumwigizia kile kilichovunjika, au alifuga kuku ndani yake.

Hapo ndipo alipotokea Theophil, kijana wa Kichagga ambaye kwao walikuwa na duka la misumari na makufuli mtaa wa pili. Alikuwa amenunua gari la fahari kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Jekundu, limelala chini kama mjusi, viti viwili tu. Mjomba wake alipoliona alishika kiuno. "Theophil, wenzako wananunua lori la saruji, wewe umenunua kiatu!" Lakini kijana alilipenda. Masika yakaja, barabara ya Jangwani ikafunikwa na maji, akaingia nalo kwenye shimo asiloliona. Rimu za kushoto zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zikapasuka. Zilikuwa za alumini, zenye mikono mitano kama nyota, na mjini hapakuwa na nyingine.

Alizunguka kwa mafundi wote wa Gerezani. Wakamkataa, na kumkataa kwenyewe kwa kicheko. "Nenda kwa yule mama wa masufuria, atakupikia!" Naye akaenda kweli, na rimu moja nzima kichwani.

"Shikamoo, dada Sitara."

"Marahaba. Hicho ulichobeba si sufuria."

"Si sufuria, lakini ni alumini ile ile. Nataka mbili kama hii."

"Nani kakutuma kwangu?"

Sitara hakuhitaji jibu, vicheko vya wale mafundi vilikuwa vinasikika mpaka pale uani. Akaipokea rimu, akaigeuza, akaigonga kwa kidole. Ikalia vizuri sana, kama kengele.

"Dada, ni sufuria yenye madirisha," alisema Zahoro.

"Basi tutaweka madirisha," akajibu Sitara, kwa sauti ya kufika kwa wale wanaocheka.

Aliyemzuia alikuwa mtu mmoja tu, Safari, fundi wa gari la Theophil, mtu wa makamo mwenye vidole vyeusi vya oili. Alikuja akachuchumaa mbele ya rundo la sufuria mbovu zilizokuwa zinasubiri kuyeyushwa.

"Bi Sitara, hii ni laini. Ukiidondosha inabonyea. Tafuta walau pistoni mbovu uchanganye."

"Pistoni mbovu iko wapi mji huu? Watu wanazirudisha kwenye injini na nyufa zake."

"Kama hakuna, mwambie hapana. Sufuria inabeba maharage, tena imekaa. Hii itabeba watu, na inazunguka."

"Safari, gari gani umelitengeneza wewe likafika Magomeni bila kusukumwa?"

Watu wakaangua kicheko, na Safari naye akacheka, akaondoka. Wale mafundi walikuwa wamemwambia Theophil hapana. Sitara hakutaka kusema neno lile lile walilosema wao.

Akazisubu. Aliifanya ile rimu nzima kuwa ruwaza, akaizika mchangani, akaitoa, akamimina. Ya kwanza ilikataa, ikavunjwa ikarudi motoni. Zilizofuata zilikubali. Zahoro alichonga matundu ya nati kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge, kisha wakazisugua kwa mchanga na majivu. Zilipowekwa juani pale uani, wale waliocheka walikuja kuziona mmoja mmoja, mikono nyuma. Ya zamani na mpya huzitofautishi, isipokuwa kwa ndani, kwenye kitovu, kinundu cha kidole gumba.

"Zimeonjwa?" akauliza Theophil, kwa kuwa alikuwa amekulia Kariakoo.

"Bado. Anayesubu ndiye anayeonja. Mimi nitapanda."

Zahoro akarukia kiti cha kushoto kabla dada yake hajafunga kanga vizuri. "Uji wa kila sufuria umeninywesha mimi, dada. Leo kuna kitamu, unataka wewe?"

Wakateremka Jangwani, wakapanda Magomeni, wakarudi wakazunguka mpaka Magogoni kwenye pantoni. Sitara alikaa juu ya kigoda mlangoni, hakugusa chakula wala kazi. Waliporudi, Zahoro alikuwa meno yote nje, nywele zimejaa vumbi. Safari akashika rimu kwa kiganja, akaipapasa.

"Leo imebeba," alisema.

"Na kesho itabeba," akasema Sitara. Akamgeukia Theophil. "Zimeonjwa."

Tangu siku ile Zahoro akawa mtu wa lile gari. Ndiye aliyekaza nati, ndiye aliyepangusa rimu, na kila Jumapili Theophil akitoka misa alimpitia wakaenda kupunga upepo Kunduchi. Kuambiwa "wewe ndiye uliyeonja" kulimlewesha kuliko tembo.

Kisha tairi la mbele kushoto, nayo yalikuwa matairi yasiyo na tyubu, likaanza kupungua upepo. Likijazwa jioni, asubuhi limenywea. Wakalivua wakalizamisha kwenye pipa la maji, na katika mkono mmoja wa ile rimu, kuanzia karibu na kitovu mpaka kwenye ukingo, vikatoka viputo vyembamba vimejipanga kama mchwa. Safari alikunja uso. Sitara alikunjua wake, maana ugonjwa huo aliujua tangu utoto. Akapika uji wa muhogo, mzito wa kunata, akaupaka ndani ya rimu, akaibanika juu ya makaa mpaka uji ukawa mweusi. Akapaka tena. Wakairudisha kwenye pipa. Hakikutoka kiputo hata kimoja.

"Kariakoo hata magari yanakunywa uji!" alisema Zahoro, na uani wote ukacheka.

Safari hakucheka siku hiyo. "Bi Sitara, ile rimu ilikuwa inasema. Wewe umeiziba mdomo."

"Na wako nani atauziba?"

Wakalifunga tairi.

Siku hizo serikali ilikuwa imekataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili mafuta yasiishe. Kwa hiyo wote waliokwenda Kunduchi walirudi mbio, maana askari hawakusikiliza hadithi ya mtu. Jumapili moja Theophil na Zahoro walichelewa kuondoka huko. Theophil akakanyaga mafuta. Kwenye kona moja ya kuingilia mjini, mikono ya ile rimu ikakatika, tairi likaacha gari likaenda njia yake. Muuza madafu aliyeona alisema tairi lilibiringika peke yake taratibu hadi likaegemea mnazi, kama mtu aliyechoka, wakati gari lilikuwa limelala kushoto linasaga lami. Kushoto ndiko alikokuwa Zahoro.

Sitara alikuwa amemfunikia wali kwa kawa. Akamwona Safari anaingia uani kwa miguu, gunia begani.

"Zahoro yuko wapi?"

Safari akavua kofia.

"Nakuuliza Zahoro yuko wapi, wewe mtu!"

"Bi Sitara, kaa kwanza."

Hakukaa. Alisimama vile vile mpaka sisi wanawake wa mtaa tulipofika kumshika, na tulipomshika alikuwa mgumu kama mlango. Hakulia mbele yetu. Alipoletwa Zahoro kwa ajili ya kuoshwa, aliomba aone viganja tu. Malengelenge ya tupa yalikuwa yamekuwa sugu.

Baada ya mazishi alilifungua lile gunia la Safari. Upande wa nje ile rimu ilikuwa inang'aa bado, unaweza kujitazama. Pale ilipovunjika, ndani, ilikuwa kama mkate wa kumimina, matundu matupu. Na kati ya matundu hayo palikuwa na mstari mweusi, umeingia ndani urefu wa kidole. Akaukwangua kwa kucha, akanusa. Uji. Uji wake mwenyewe, umeungua. Ufa ulikuwapo siku ile ya pipa, ulikuwa unafunguka kila gurudumu lilipozunguka, naye akaupaka uji ukanyamaza. Sufuria hutoa aibu yake kwa moto wa kwanza. Gurudumu hulibeba jambo lake moyoni, linakwenda nalo, linakwenda nalo.

Alikwenda hospitali kumwona Theophil. Mguu mmoja ulikuwa umekatwa juu ya goti.

"Nilikuuliza kama zimeonjwa, dada."

"Uliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema zimeonjwa."

Theophil akageukia ukutani. Hawakuonana tena.

Na hapo ndipo Sitara alipokumbuka kwamba rimu zilikuwa mbili. Akatoka pale hospitali anakimbia, na kanga mkononi. Alipofika dukani kwa akina Theophil, mjomba alimwambia gari limeshauzwa wakati wa matanga, lilivyo, kwa mtu wa vyuma chakavu, maana hawakutaka kuliona tena. Akamfuata mtu yule, naye alikuwa ameshalikatakata. Injini kwa fulani, viti kwa fulani.

"Na gurudumu la nyuma, la kushoto?"

"Lilikuwa zima, mama. Zuri, linang'aa. Lilikwenda siku ile ile."

"Kwa nani?"

"Mpita njia. Sikumuuliza jina."

Kuanzia siku hiyo Sitara aliendelea kusubu sufuria, ila mtu akimletea kapi la kisima au gurudumu la mkokoteni alilisukuma kwa mguu. "Nasubu kinachokaa. Kinachozunguka peleka kwingine." Jina lake halikuanguka, wanawake waliendelea kupindua sufuria na kutafuta kinundu. Hilo ndilo lililomtesa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri alipita mitaa ya Kariakoo akiinamia magurudumu ya watu, anachungulia nyuma, anapapasa kitovu. Madereva walimtukana. Wengine walidhani mchawi. Akisikia ajali Morogoro, alipanda basi akaenda kuangalia rimu, akarudi, akanawa, akawasha moto. Kile kipande kilichovunjika alikitundika mlangoni kwa waya, upande wa matundu ukitazama nje, na mteja akimuuliza, "Bi Sitara, hii imeonjwa?" alikionyesha kwa kidole, akaendelea na kazi.

Alikufa hajaipata.

Haya, nimeandika. Sasa ninyi mlionikalisha kwenye kiti hiki na kuniumiza mgongo, mna magari, mna marafiki wenye magari, na mnapenda vitu vinavyong'aa. Nendeni mkainame. Pitieni gereji, pitieni kwenye vyuma chakavu, pitieni vibanda vya kuku ambako magari ya zamani yamefia. Mkiona rimu ya alumini yenye mikono mitano, ingizeni mkono nyuma ya kitovu mpapase. Mkikuta kinundu cha kidole gumba, msiipake rangi, msiiuze, msiipime kwa maji wala kwa macho. Ileteni kwangu, nami nitaipeleka motoni kwa mkono wangu. Na Idi ijayo asiniombe pilau yeyote ambaye hajainama.