Baba Asiyejulikana Tanga

Juma lililopita nilikuwa ofisi ya watoto, Changamwe, nikingoja zamu yangu kwa kununa. Mbele yangu mama mmoja wa Chaani alikuwa akidai matunzo ya mwanawe. Baba mtu alivuka mpaka akaenda kufanya kazi Tanga, na kila barua iliyopelekwa kwa posta ilijibiwa, miezi baadaye, kwamba hajulikani huko.

Asubuhi hiyo karani alikuwa ameiuliza tena ofisi ya ustawi wa jamii ya Tanga, safari hii kwa faksi, mashine yao mpya. Kabla ya adhuhuri mashine ikalia, karatasi ikaanza kutoka. Foleni nzima tukaivamia meza.

Karani akasoma: "Tumemwita, tunaye hapa ofisini. Anasema hajapata barua hata moja."

Akashusha pumzi. "Pole, mama. Itabidi tuanze upya."

"Pole ya nini, mwanangu? Si yuko!" Mama akakaza leso kiunoni. "Waambie wasimwachilie. Barua yaja sasa hivi."

Karani akaitia barua ya madai mashineni, nasi tukapiga makofi. Faksi hailei mtoto, najua. Lakini mimi niliyekuwa nikiinunia foleni, wallahi, nilibaki kutazama hadi nikatoka wa mwisho.