Zulia la Domitila

Kwa miaka thelathini Domitila alikuwa akitandaza zulia la unga wa mbao wa rangi, lenye maua, barabarani mbele ya nyumba yake, ili msafara wa Ijumaa Kuu upite juu yake. Mwaka huu jirani yake Nicasio, aliyeacha pombe juzijuzi tu, naye alitengeneza lake. Mdomo ulimwasha Domitila. Akavuka barabara, mikono kiunoni, akamtazama ndege aliyechorwa katikati ya zulia hilo.

"Huyo ni njiwa au kuku?"

"Njiwa, mama. Mkono bado unatetemeka."

"Na mkono huo ndio unamtandikia Bwana?"

"Ndio nilio nao. Hili la kwangu Bwana ataniuliza mimi."

Domitila hakusikia. Aliendelea kumkosoa ua kwa ua, Nicasio akilinyunyizia lake maji, mpaka jua likawa kali. Unga wa mbao usipolowanishwa kila mara hupeperuka; kila mtoto wa mtaa ule anajua. Upepo ulivuma mara moja tu. Domitila alipogeuka, maua yake yalikuwa yametapakaa mtaroni, na ngoma za msafara zimeshafika kona ya pili.

Nicasio hakucheka. Alibeba ndoo ya maji na gunia la majani ya msonobari, akavuka.

"Tutandaze haya, mama. Yananukia vizuri."

Walitandaza wakiwa wamepiga magoti. Wabeba sanamu ya Bwana wakapita juu ya majani, kisha juu ya njiwa, kwa mwendo uleule.

"Mwakani," Domitila alimwambia, akiwa bado amepiga magoti, "ukiniona nimekuja kukagua lako, nirudishe kwangu."