Chekeche Mgongoni mwa Namba Nne

Kila ninapochekecha unga wa muhogo, kiganja kikigonga ukingo wa chekeche na vumbi jeupe likiniwasha pua, narudi Kadutu, mtaa nilikokulia, kwenye uwanja wetu wa mpira, na narudi nikiwa na hasira. Nawaambia mapema ili asije mtu akadhani nitamsimulia habari tamu.

Kuuita uwanja ni kuusifu bure. Kilikuwa kipande cha udongo mwekundu kilichoinama kuelekea bondeni, na sisi mashabiki tulikaa juu yake, mlimani, kila familia na jiwe lake. Jumapili tulitoka misa, tukapanda hapo na nguo zetu za kanisani, tukaketi kutukana. Aliyetukanwa kuliko wote alikuwa beki wetu wa kati, namba nne, Tonton Mugisho. Alikuwa mjomba wangu, mdogo wake maman, mama yangu, na alilala chumba cha mbele nyumbani kwetu.

Matusi aliyastahili, nisiseme uongo. Sijapata kumwona mtu mwingine anayejua kusimama mahali panapofaa, mapema kabisa, akaiona pasi mbovu ya adui ikija polepole, pasi isiyo na mwenyewe, ya kukatiza huku unapiga miayo, halafu akaiacha ipite. Alinyoosha mguu, mpira ukapita chini yake. Akarudisha mguu, ukapita kando. Siku moja ulimgonga gotini ukaenda kwa mshambuliaji wa adui kama vile alimwandikia barua.

"Mupira unakuya wenyewe kukusalimia, Mugisho," aliita mama mmoja muuza ndizi. "Hata salamu inakushinda?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa na miaka tisa, huku masikio yananiwaka, kwa sababu shuleni wenzangu waliniambia kwamba ninakula sahani moja na tundu la timu.

Mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Beki akiachia mipira mitatu ya bure katika mechi moja, mlima mzima uliita: "Kayungiro! Kayungiro!" Ndilo jina la chekeche kwetu. Mtu alikimbia nyumbani kwake kulileta, wakalifunga kamba, na mechi ikiisha wakamtundikia beki mgongoni. Alitakiwa kupita nalo sokoni hadi kwake. Aliyetoa chekeche alipigiwa makofi, akahesabiwa shabiki wa kweli.

Jumapili ninayotaka kuisimulia, vita vilikuwa vimekwisha kuingia mjini, na wenye bunduki walikuwa wapya. Kiwanda alichofanyia kazi Tonton kilikuwa kimefungwa, mashine na mabati ya paa vimebebwa nao, na mtu wa miaka ishirini na sita alikuwa amebakiwa na jezi moja yenye namba nne. Asubuhi hiyo alinikuta uani ninapiga viatu rangi, akachuchumaa karibu nami.

"Leo nikiharibu, batanitosha mu ekipe," aliniambia, yaani wangemwondoa timuni. "Mwalimu wa timu amekwisha sema. Uniombee, eeh? Maman yako usimwambie."

Nilimwambia ndiyo. Kanisani nilimwombea kweli, mara mbili.

Tukielekea uwanjani na papa, baba yangu, tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Papa alikuwa karani, mtu wa koti na kalamu mfukoni, na kila Jumapili alibeba redio yake ndogo ili asikilize habari wakati wa mapumziko. Askari mmoja, kijana tu, alisema, "Leta iyo." Papa alimpa kwa mikono miwili, kama tunavyowapa wakubwa.

"Aksanti, chef," alisema papa.

Tukaendelea kutembea. Mimi nilitazama vumbi kwenye viatu vyangu.

Siku hiyo tulicheza na vijana wa Ibanda, mtaa mwingine wa mji wetu, waliokuja na soksi ndefu zinazofanana. Pasi ya kwanza ya bure ilimpita Tonton kabla hatujakaa vizuri. Ya pili ilikuwa goli. Papa, ambaye siku zote alikuwa mpole wa kuudhi, alisimama juu ya jiwe letu akapiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwake. "Unaacha kila kitu kinapita! Mwanaume muzima! Hauone haya?" Mishipa ya shingo ilimtoka. Watu wakamwangalia kwa heshima.

Ya tatu siwezi kuisamehe hata leo. Mpira ulikuwa unabingirika kwa uvivu, karibu usimame. Tonton alikuwa peke yake. Akauendea kwa uangalifu, kama mtu anayeokota yai, akateleza, ukapita.

"Kayungiro!"

Kabla mtu mwingine hajainuka, mimi nilikuwa nakimbia. Nyumba yetu ilikuwa karibu, maman alikuwa bado kanisani na mkutano wake wa akina mama. Nikalitoa chekeche lake kwenye msumari wa jikoni, nikarudi nalo juu ya kichwa, na mlima wote ukanipigia makofi. Yule mama wa ndizi alinipa ndizi. Niliila yote.

Tonton alipita sokoni na chekeche limefunika namba yake. Nyumbani alilifungua kamba, akalitundika palepale kwenye msumari wake. Jioni maman alichekecha unga nalo, tukala. Jumatatu jezi ilirudishwa kwa mwalimu, na sikumwona tena Tonton akigusa mpira.

Mwaka jana nilimtembelea Tonton kule Katana, anakolima. Ana mvi sasa. Nilikuwa nimebeba maneno yale miaka yote, nikamwambia: lile chekeche nililileta mimi.

"Nilijua," alisema. "Wavu ulipasukaka, nikaushona na uzi mwekundu. Ni mikono yangu. Nilipoliona tu, nikajua limetoka kwetu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mupira ulipita kweli."

Nikamwuliza kama labda aliogopa, kama miguu ilikuwa na njaa, vita, chochote. Nilitaka anipe sababu. Alicheka. Alikuwa beki mbaya tu, alisema, lakini kila mpira aliutaka.

Hapo ndipo nilipoielewa dharau yetu. Redio zetu zilipita, mabati yalipita, mashine zilipita, na mlima mzima wa watu wazima ulisema aksanti kwa mikono miwili. Kisha tukapanda juu ya mawe kumzomea mtu mmoja aliyekuwa angalau ananyoosha mguu. Papa alikufa bila kuizungumza siku ile, nami sikumwuliza. Kwangu ni rahisi zaidi kuikiri sehemu yangu, maana ndizi ile naikumbuka ladha yake: ilikuwa tamu.