Kamba Alizofunga Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifariki mwezi wa Mei, mwaka 1977, nyumbani kwake upande wa magharibi, akiwa ameketi akipepeta nafaka ya wimbi. Nilimpoteza mtu ambaye sikuwahi kumshika mkono wala kula naye meza moja. Kiwandani walinipa pole za harakaharaka, kama za mtu aliyefiwa na jirani. Mkwe ni mkwe, walisema. Sikuwaeleza kitu, kwa sababu kama ningeeleza ingebidi nianze na turubai.

Mwaka wa 1969 nilikuwa mpakaji wa grisi katika kiwanda cha chai karibu na Kericho. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka na kopo nikisikiliza mashine gani inalia. Injinia wetu Mzungu aliporudi kwao aliacha karavani yake, ile nyumba ndogo ya magurudumu aliyokuwa akiivuta kwa gari wakati wa likizo. Mipira ya magurudumu ilikuwa imeoza na hakuna aliyeitaka. Akaniambia, "Chukua wewe, ufugie kuku." Wanaume wa zamu yetu tukaisukuma mpaka nyuma ya nyumba yangu kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, na nyapara akafumba macho.

Sikufuga kuku. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja. Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hakalii kiti chake, na hawatazamani usoni. Lakini mtoto wa kwanza akizaliwa, nyanya huyo huyo ndiye anatakiwa kumwogesha na kumpikia mzazi uji. Nyumbani si shida, maana kuna nyumba nyingi za kulala. Kwenye laini kila chumba kilikuwa kimejaa kama chetu. Jirani yetu mmoja alipojifungua, mama yake alifika asubuhi, akampakata mjukuu, akarudi na basi la mchana.

Mke wangu alijifungua kwa shida. Alitoka dispensari akitembea kwa kushika kuta.

"Mama akirudi siku hiyo hiyo," aliniambia, "mimi sijui nitafanya nini na huyu mtoto. Hata kumshika shingo naogopa."

Basi karavani ikawa ya Mama. Tulikubaliana kwamba haina ubaya, kwa sababu ilijengwa na Wazungu na ina magurudumu. Huwezi kuiita nyumba yangu. Shida ni kwamba ndani mlikuwa na kitanda tu. Hapakuwa na mahali pa jiko wala pa karai la kuogeshea mtoto, na Kericho mvua hainyeshi ikakupa nafasi ya kufanya hayo nje. Ndipo nikakumbuka gunia lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na turubai la kijani, nguzo za chuma zinazochomekana, na vigingi vichache vyenye kutu. Nilikuwa nimemwona injinia akiketi chini ya turubai hilo na mkewe wakinywa chai. Sikuwa nimemwona akilisimamisha.

Upande mmoja wa turubai ulikuwa na ukingo mnene, kama kamba iliyoshonewa ndani, na juu ya ubavu wa karavani palikuwa na mfereji mwembamba wa chuma. Nilielewa kwamba ukingo unaingia kwenye mfereji na kuvutwa mpaka mwisho. Haukuvutika. Nikafanya kile ninachojua kufanya: nikaenda kuchukua grisi. Ukingo uliteleza vizuri sana, lakini nilipomaliza turubai lilikuwa na mstari mweusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, nami nilikuwa nimelivalisha ndani nje. Nikalitoa, nikaligeuza, nikalirudisha. Sasa lilikuwa na mistari miwili.

Kamba za zamani zilikuwa zimeoza, kwa hiyo nikafunga mpya za katani. Vigingi vilivyopungua nikavichonga kutoka kwenye mti wa chai mkongwe uliong'olewa. Halafu nikakaza. Kwetu ngozi ya ng'ombe huwambwa kwa vigingi mpaka inalia ukiigonga, na mimi nilidhani kila kitu kinachowambwa huwambwa hivyo. Niligonga turubai kwa kidole. Likalia. Nikaita mke wangu aje asikie.

Mama mkwe alifika kesho yake na basi, akiwa na unga wa wimbi, mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Mimi nilijiondoa mapema, nikasimama nyuma ya ua, mahali chai inapoanzia, ili asinione. Nikamsikia akilizunguka turubai polepole.

"Nani amefunga hii?" akamwuliza binti yake.

"Baba ya mtoto."

Nikamsikia akitua mzigo chini.

"Basi hii ni nyumba yake. Paa aliyofunga mkwe ni paa ya mkwe. Nitampakata mtoto hapa nje, nirudi na basi ya saa nane."

"Mama, hata mchungaji alisema haya mambo si dhambi."

"Mchungaji hana mkwe," akasema. "Ana watoto wadogo. Ngoja wakue."

Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa desturi au aliitunga pale pale. Nilichosikia baada ya hapo ni mke wangu akilia, bila sauti kubwa, kama mtu aliyechoka. Kisha nikamsikia Mama akilizunguka turubai tena. Halafu akaita majirani.

"Akina mama, kujeni. Tunaifungua yote, tunaifunga upya. Mikono ya wanawake tu."

Walikuja wakicheka, wale waliokuwa wametoka kuchuma chai, bado wamefunga maturubai yao madogo ya kiunoni ya kukinga umande. Waling'oa kila kigingi nilichopigilia. Lakini hakuna aliyejua kinachoanza na kinachofuata, na turubai likawafunika vichwa. Sikuweza kunyamaza.

"Nguzo ya katikati kwanza!" nikapiga kelele kutoka kwenye chai.

"Nani huyo anaongea?" mmoja akauliza.

"Ni majani," mwingine akajibu. "Siku hizi yakikosa kuchumwa yanaongea."

"Yaambie yalete nyundo!"

Nikairusha nyundo juu ya ua. Mama mkwe akamwambia binti yake, kwa sauti ambayo ingefika mpaka kituo cha Sosiot, "Mwambie huyo wa huko kwenye majani kwamba tumesikia. Na umwulize hii nyeusi imeshika mikono yangu ni nini."

"Ni grisi, Mama."

"Grisi! Mimi ni mashine?"

Wakaangua kicheko, na nikamsikia mke wangu naye akicheka, mara ya kwanza tangu atoke dispensari. Walimaliza. Turubai lilikuwa limeinama upande mmoja, lakini lilisimama, na kila fundo lilikuwa la Mama. Kamba pekee walizikaza kama nilivyokuwa nimezikaza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele, "Vuta! Vuta tena!" Basi la saa nane likapita barabarani. Hakuna aliyelitazama.

Mvua ilikuja jioni hiyo nikitoka zamu ya mchana kiwandani, ile ya Kericho inayoanza na upepo baridi halafu mawe. Nilikimbia nikiwa nimejifunika gunia. Nilipofika nyuma ya nyumba niliona jambo ambalo sikulielewa mara moja. Upepo haukuwa mkali hivyo, lakini kamba zilikuwa zimekakamaa kama waya. Zilikuwa zikijivuta zenyewe. Kigingi kimoja kikachomoka, kikaruka kama panzi. Kona ikaanguka, maji ya mvua na mawe yakajikusanya tumboni mwa turubai, na nguzo ya pembeni ikaanza kupinda.

Mama mkwe alitoka ndani ya karavani akaikumbatia ile nguzo. Ndani, mke wangu alikuwa kitandani na mtoto akilia. Jiko lilikuwa linawaka chini ya turubai, na sufuria ya uji juu yake. Nikaishika nguzo ya pili. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona maji yakimchuruzika kwenye vidole. Alivuta leso ikamfunika uso, akageukia mlango wa karavani, akasema na mtoto mchanga.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako kamba ikinywa maji inakuwa fupi. Hata ndama ukimfunga kwa katani, mvua ikija lazima umwongezee, ama atanyongwa. Mwambie alegeze."

Mtoto alizidi kulia.

Nami nikamjibu kupitia mtoto yule yule. "Mwambie nyanya kamba amezifunga yeye. Nikigusa kamba, si hii itakuwa nyumba yangu tena? Atarudi kwao."

Mawe yalikuwa yakipiga turubai mpaka nikadhani hakunisikia. Niliogopa kweli. Niliona kwamba nikiacha, turubai litaanguka juu ya jiko na Mama hatakuwa na mahali. Na nikigusa, pia hatakuwa na mahali.

"Mwambie baba yako," akasema mwishowe, "kulegeza si kufunga."

Niliiacha nguzo nikatoka kwenye mawe. Nilizunguka nikilegeza kamba moja baada ya nyingine, bila kufungua fundo hata moja, nikisogeza tu vigingi kwa ndani. Turubai likashuka kidogo, likalegea, maji yakamwagika kwa upande mmoja. Nguzo ikanyooka. Nilipotazama tena, Mama alikuwa ameshaondoka kwenye nguzo na amechuchumaa kwenye jiko akikoroga uji, akiwa amenigeuzia mgongo.

Alikaa mpaka kitovu kikaanguka, na akaendelea kukaa mpaka mke wangu akaweza kwenda bombani peke yake na kurudi na ndoo. Siku zote hizo asubuhi alikuwa akikaza kamba, na mchana wingu likionekana nilikuwa nikilegeza. Nikiwa kwenye zamu nilimwomba nyapara ruhusa, naye alinicheka lakini alinipa. Hatukuzungumza tena hata kupitia mtoto. Ila wakati mwingine nilikuta kikombe cha uji wa wimbi kimewekwa kando ya kigingi cha mwisho, pale nilipomalizia mzunguko wangu, kimefunikwa kwa kisahani ili mvua isiingie. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Karavani iliozea pale pale kwenye laini. Turubai nililihifadhi juu ya dari.

Alipofariki nililipandisha juu ya basi, tukaenda nalo. Shemeji zangu ndio waliolifunga kwenye uwanja wa nyumbani kwao, kwenye miti, kwa kamba za katani, kwa ajili ya waombolezaji. Mistari miwili ya grisi ilikuwa bado ipo. Mimi, kama mkwe, nilikaa mbali na jeneza, chini ya migomba, pamoja na wakwe wengine. Katikati ya mahubiri mvua ikaanza. Niliziona kamba zikikaza.

Nikainuka. Mzee mmoja wa ukoo wao akanishika mkono.

"Mkwe, kaa. Wewe ni mgeni hapa. Hii si kazi yako."

"Sifungi, Mzee," nikamwambia. "Nalegeza tu."

Akaniachia. Nikalegeza ile ya kwanza, kando ya mti wa parachichi, nikaenda kwenye iliyofuata.